Kuipa Printa Amri kutoka BASIC: BBC Micro, Amstrad CPC, ZX Spectrum au Commodore 64?

Mtu anayetaka kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 ili aendeshe printa ya pini, ile inayochapa kwa sindano zinazogonga utepe wa wino, kwa amri anazoziandika mwenyewe katika BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine hizo, kwa kawaida huanza kwa kuhangaikia printa, na nadhani hapo ndipo anapoanza vibaya. Printa nyingi za pini tisa zinazopatikana leo, ziwe kuukuu au mpya, hufuata amri zilezile za Epson, kwa hiyo printa yenyewe haimpi mnunuzi tofauti kubwa ya kuchagulia. Tofauti iko upande wa kompyuta. Ipo inayopeleka kila baiti, yaani kila nambari ya 0 hadi 255 inayobeba herufi au amri, kama ilivyoandikwa, ipo inayoikata, ipo inayoibadilisha, na ipo inayoitupa kimyakimya bila kuonyesha kosa lolote kwenye skrini.

Zinazolinganishwa hapa ni mashine nne: BBC Micro ya Acorn, Amstrad CPC 464, ZX Spectrum ya Sinclair ikiwa imefungwa kifaa cha kuongezea kiitwacho Interface 1, na Commodore 64. Zote ziliuzwa kwa wingi nchini Uingereza, na hilo lina faida yake kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, kwa kuwa mashine za soko hilo hutumia umeme wa volti 230 hadi 240 na plagi za pini tatu bapa kama tulizonazo ukutani. Apple II na Atari 800 nimeziacha, si kwa ubaya wake, ila nyingi zinazouzwa zinatoka Marekani, na mwenye kuinunua atalazimika kutafuta transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120 na skrini inayopokea NTSC, mfumo wa picha za televisheni wa Marekani, kabla hata hajalifikia suala la printa.

Printa inataka nini

Epson ilipotoa MX-80 mwaka 1980, na FX-80 mwaka 1983, iliweka mtindo wa amri ambao watengenezaji wengine waliufuata. Kanuni yake ni rahisi. Baiti ya 27, iitwayo ESC, huiambia printa kwamba kinachofuata si herufi ya kuchapwa bali ni amri. Ukituma 27 kisha 69, ambayo ni herufi E kubwa, maandishi huanza kutoka mazito. Ukituma 27 na 70, yaani F, uzito huondoka. 27 na 64, ambayo ni alama ya @, huirudisha printa katika hali iliyokuwa nayo ilipowashwa, na kila programu ya kuchapa ingefaa ianze na amri hiyo. Nyingine hazihitaji ESC kabisa: baiti ya 15 peke yake hubana herufi ili mstari uliokuwa ukibeba herufi 80 ubebe zaidi ya 130, na baiti ya 18 huondoa ubanaji huo. Nyingine tena hudai nambari baada yake, kwa mfano 27, 45, 1 ambayo huanza kupiga mstari chini ya maneno, au 27, 65, n ambayo huweka umbali kati ya mstari na mstari kuwa n/72 ya inchi.

Kwa hiyo baiti zinazopita kwenye waya ni za aina tatu. Kuna herufi za kawaida, kuanzia 32 hadi 126. Kuna baiti ndogo zilizo chini ya 32, ambazo hazina umbo la kuonekana. Na kuna baiti kubwa, kuanzia 128 hadi 255, ambazo kazi yake kubwa ni michoro. Kompyuta zote nne hupitisha aina ya kwanza bila shida kubwa, isipokuwa Commodore, ambayo ina kesi yake. Ni katika aina mbili nyingine ambapo mashine hizi huachana, na ni kwa kipimo hicho ninazipima.

BBC Micro

Kati ya zote nne, BBC Micro ndiyo ambayo waundaji wake waliifikiria kazi hii mapema na kuitengenezea njia rasmi. VDU 2 hufungua njia ya printa, VDU 3 huifunga, na VDU 1 hupeleka baiti moja inayoifuata kwa printa tu, bila kuipitisha kwenye skrini. Sharti ni kwamba VDU 2 iwe imetangulia. Ili neno moja litoke kwa herufi nzito, unaandika hivi:

VDU 2,1,27,1,69
PRINT "ANKARA"
VDU 1,27,1,70,3

Umuhimu wa VDU 1 hauonekani hadi mtu ajaribu kufanya bila hiyo. Baiti ndogo zina maana kwa skrini ya BBC vilevile. Tuseme unataka herufi pana, ambazo kwa Epson huitwa kwa baiti ya 14, nawe ukaandika PRINT CHR$(14) kama ungefanya kwenye mashine nyingine. Skrini huichukua baiti hiyo kuwa amri yake yenyewe, ile ya kusimamisha maandishi kila ukurasa unapojaa hadi SHIFT ibonyezwe, nawe unabaki ukidhani kompyuta imeganda. Ukiandika VDU 1,14 skrini haiguswi.

Kuna jambo la pili ambalo mwongozo wa mashine hii unalieleza vizuri lakini watu hulipita. BBC ina baiti moja ambayo imeamriwa isiipeleke kwa printa, na kwa kawaida baiti hiyo ni 10, yaani ile ya kushusha karatasi mstari mmoja. Amri ya *FX6 huibadilisha. Mtu akiona mistari yake inachapwa mmoja juu ya mwingine, huandika *FX6,0 na tatizo huisha, ila sasa baiti inayozuiwa ni 0, na amri kadhaa za Epson zinaihitaji 0 hiyo. Njia ya salama ni VDU 1, kwa sababu baiti iliyotanguliwa na VDU 1 haizuiwi hata kama ndiyo iliyopigwa marufuku. Chukua amri ya 27, 65, 10, inayoweka nafasi ya 10/72 ya inchi kati ya mistari. Ile 10 ikizuiwa njiani, printa haisemi kwamba imekosa nambari. Huchukua baiti yoyote inayofuata, pengine herufi ya kwanza ya jina la mteja wako, na kuifanya ndiyo nambari. Karatasi inaruka vibaya na jina linatoka likiwa limekatwa kichwa.

Kuandika 1 kabla ya kila baiti huchosha, lakini BASIC ya BBC ina taratibu zenye majina, na utaratibu mfupi unaumaliza uchovu huo:

100 DEF PROCtuma(A$)
110 LOCAL I%
120 FOR I%=1 TO LEN(A$)
130 VDU 1,ASC(MID$(A$,I%,1))
140 NEXT
150 ENDPROC

Baada ya hapo unaandika PROCtuma(CHR$27+"E") na mambo yamekwisha. Anayetaka maandishi yaende kwa printa pekee bila kuonekana kwenye skrini anayo *FX3,10, na *FX3,0 humrudisha katika hali ya kawaida. Hata waandikaji wa barua hawakusahauliwa: programu ya Wordwise humruhusu mwandishi kuingiza OC27,69 katikati ya maandishi, yaani amri ileile kwa nambari zilezile.

Mlango wa printa uko chini ya mashine, hupeleka biti zote nane (zile 0 na 1 zinazounda kila baiti), na ndio unaotumika usipoagiza vingine. Ukiwa na printa ya waya wa serial, yaani ile inayopokea biti moja baada ya nyingine, *FX5,2 huhamishia kazi huko na *FX8,7 huweka kasi ya 9600. Tahadhari moja ya mnunuzi: Model A iliuzwa bila mlango wa printa, kwa hiyo tafuta Model B. Tahadhari ya pili ni kwamba kapasita za kwenye usambazaji umeme wa BBC hupasuka kwa uzee na kujaza chumba moshi. Fundi wa redio anaweza kuzibadilisha kabla mashine haijawashwa kwa mara ya kwanza.

Amstrad CPC 464

Amstrad ya mwaka 1984 inamvutia mtu kwa wepesi wake. Printa ni mkondo namba 8, na unauandikia kama unavyoandikia skrini:

PRINT #8,CHR$(27);"E";
PRINT #8,"ANKARA"
PRINT #8,CHR$(27);"F";

Hakuna cha kufungua wala cha kufunga. Baiti ndogo hupita bila kuhojiwa, na skrini haihusiki. Kwa anayetaka kuchapa barua, orodha za bei, lebo na risiti, sioni mashine rahisi kuliko hii kati ya hizi nne. Ile nuktamkato ya mwisho ndiyo inayosahauliwa: usipoiweka, BASIC huongeza mwisho wa mstari baada ya amri, na karatasi inapanda bila kuchapwa kitu. Jambo jingine ni kwamba BASIC yenyewe hukata mstari inapofika herufi 132, kwa hiyo anayetuma mfululizo mrefu huanza kwa kuandika WIDTH 255, ambayo huondoa ukataji huo.

Matatizo ya CPC yako kwenye shaba, si kwenye BASIC. Mlango wake wa printa una biti saba tu za data. Ile ya nane hutumika kuiarifu printa kwamba baiti iko tayari, na kwa hiyo baiti yoyote kubwa hupunguziwa 128 kabla ya kutoka. Kwa maandishi ya Kiswahili hilo halidhuru chochote, kwa kuwa herufi zetu zote ziko chini ya 127. Mara moja moja linasaidia kwa bahati: alama ya pauni kwenye CPC ni 163, ikikatwa inakuwa 35, na 35 ndiyo nafasi ya pauni katika herufi za Kiingereza cha Uingereza ndani ya Epson, ambazo huitwa kwa 27, 82, 3.

Kwenye michoro, bahati hiyo inageuka. Epson huchora kwa amri ya 27, 75, ikifuatwa na baiti mbili zinazotaja idadi ya safu za nukta, ya kwanza ikihesabu moja moja na ya pili ikihesabu mafungu ya 256. Upana kamili wa karatasi katika amri hiyo ni safu 480, ambazo ni fungu moja la 256 na 224 za ziada, kwa hiyo unatuma 224 kisha 1. CPC inaikata 224 kuwa 96. Printa inahesabu 256 na 96, inapata 352, inachora safu 352 kisha inatangaza kwamba mchoro umekwisha, na baiti 128 zilizobaki inazichapa kama herufi. Anayeona karibu robo tatu ya picha ikifuatwa na mkia wa herufi za ajabu huilaumu programu yake, huisoma tena na tena, wala haoni kosa, kwa sababu kosa halimo humo.

Dawa ipo, ingawa si tamu. Mstari mmoja wa mchoro hugawanywa mara mbili ili nambari ya kwanza isivuke 127: safu 368, yaani 112 na 1, halafu safu 112, yaani 112 na 0. Kisha inabaki pini ya juu kabisa, ambayo thamani yake katika kila safu ni 128 na ambayo CPC haiwezi kuigusa. Unachora kwa pini saba za chini na kuweka nafasi ya mistari kwa 27, 65, 7 ili vipande vya picha vigusane. Inafanya kazi, ila picha iliyokuwa imeandaliwa kwa pini nane inabidi ipangwe upya nukta kwa nukta, na kwa maoni yangu mtu mwenye nia ya kuchapa picha asianze safari yake hapa. Aina za CPC zilizotoka mwaka 1990 zilirudishiwa biti ya nane, lakini hizo ni adimu kuliko 464.

ZX Spectrum na Interface 1

Spectrum ya mwaka 1982 ilikuwa na LPRINT na LLIST tangu mwanzo, ila amri hizo zilikusudiwa ZX Printer, kile kichapishi kidogo cha karatasi ya rangi ya fedha chenye herufi 32 kwa mstari, ambacho hakina herufi nzito wala amri za ESC. Ili kuifikia Epson kunahitajika kifaa cha kuongezea, na Sinclair yenyewe ilitoa Interface 1 mwaka 1983, yenye mlango wa waya wa serial.

Interface 1 ina njia mbili juu ya waya mmoja, na aliyezielewa amekwisha kuielewa mashine. Njia ya "t" ni ya maandishi: hufasiri maneno ya BASIC yaliyohifadhiwa kama baiti moja, huongeza baiti ya 10 baada ya kila 13, na huzitupa baiti ndogo nyingine zote. Njia ya "b" hupeleka biti zote nane za kila baiti, bila kugusa kitu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyefungua "t" pekee anaweza kutuma CHR$ 27 mchana kutwa na printa isiione hata moja. E pekee ndiyo inayofika, nayo inachapwa kama E. Aliyefungua "b" pekee anapata herufi nzito, lakini LLIST yake inatoka takataka na mistari haishuki.

Suluhisho ni kufungua zote mbili:

10 FORMAT "b";9600
20 OPEN #4;"b"
30 OPEN #3;"t"
40 PRINT #4;CHR$ 27;"E";
50 LPRINT "ANKARA"
60 PRINT #4;CHR$ 27;"F";

Amri zinapita namba 4, maneno yanapita namba 3, na printa inayapokea kwa mpangilio. Napenda usafi wa mpango huu, kwani kwa kuusoma tu unajua kipi ni amri na kipi ni maandishi, jambo ambalo Amstrad haikupi. Usitumie TAB kwenye njia ya "b": Spectrum huituma kama baiti ya 23 ikifuatwa na mbili nyingine, na printa haina habari na lugha hiyo. Shida iliyobaki ni ya vifaa. Epson nyingi za zamani zina mlango wa Centronics tu, ule unaopokea biti zote za baiti kwa pamoja, na hudai kadi ya ziada ili zipokee waya wa serial, na tundu la Interface 1, ingawa lina pini tisa, halikupangwa kama la kompyuta za ofisini, kwa hiyo kebo ya kununua dukani haitafaa bila kuchomelewa upya.

Commodore 64

Commodore ndiyo iliyouzwa kuliko zote, na ndiyo yenye desturi zake peke yake. Printa huunganishwa kwenye waya uleule wa diski, ikijulikana kama kifaa namba 4:

10 OPEN 4,4,7
20 PRINT#4,CHR$(14);"ankara";CHR$(15)
30 CLOSE 4

Ile 7 inaomba herufi kubwa na ndogo. Bila hiyo printa hutoa herufi kubwa pamoja na vialama vya michoro vya Commodore. Ukiwa na printa ya Commodore yenyewe, kama MPS-801, kila kitu kinaelewana, na orodha ya programu unaipata kwa OPEN 4,4:CMD 4:LIST, ukimaliza kwa PRINT#4:CLOSE 4. Lakini MPS-801 haifuati amri za Epson, na nambari zilezile zina maana nyingine. Baiti ya 15 kwa Epson hubana herufi, kwa MPS-801 hurudisha upana wa kawaida. Baiti ya 18 kwa Epson huondoa ubanaji, kwa MPS-801 hugeuza maandishi kuwa meupe juu ya weusi, na mtu aliyeleta programu ya Epson huona utepe wake wa wino ukiliwa na mistari myeusi. Katika michoro, MPS-801 hutumia pini saba, huhesabu kuanzia juu kwa 1 ilhali Epson huanza juu kwa 128, na kila baiti ya mchoro lazima iongezwe 128. Hakuna mchoro unaohama kati ya hizo mbili bila kuandikwa upya.

Anayetaka kuiunganisha Commodore 64 na Epson hununua kiunganishi cha kati, na hapo ndipo kesi ya herufi inapoanza. Commodore haina mpangilio wa herufi unaotumiwa na wengine: herufi isiyobonyezewa SHIFT ni 65 hadi 90, nambari ambazo kwa Epson ni herufi kubwa. Kwa hiyo kiunganishi huzigeuza njiani, kama karani anayesahihisha barua kabla ya kuifunga. Kwa maneno ya kawaida ni msaada mkubwa. Kwa amri ni balaa: unatuma 27 na "E", kiunganishi kinaigeuza 69 kuwa 101, na printa inapokea 27 na e ndogo, ambayo si amri ya herufi nzito. Njia mojawapo ni kutuma CHR$(197), yaani E ya SHIFT, ambayo baada ya kugeuzwa inakuwa 69. Njia bora ni kukiamuru kiunganishi kipitishe baiti bila kuzigusa, kwa kubadilisha ile nambari ya tatu ya OPEN, ila nambari hiyo inatofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na kiunganishi kilichouzwa bila kijitabu chake kina thamani ndogo sana machoni pangu.

Mistari inayoruka na mistari inayopandana

Tatizo la kwanza atakalokutana nalo kila mmoja, hata kabla ya herufi nzito, ni la mwisho wa mstari. Baiti ya 13 hurudisha kichwa cha printa mwanzoni, na 10 hushusha karatasi, lakini printa ina swichi ndogo inayoweza kuifanya ishushe karatasi yenyewe kila ipokeapo 13. BBC, usipoibadilisha, haitumi 10, kwa hiyo swichi iwashwe. Spectrum kwa "t" hutuma zote mbili, kwa hiyo swichi izimwe. Commodore hutuma 13 pekee, isipokuwa faili limefunguliwa kwa nambari kuanzia 128, ambapo huongeza 10. CPC hutuma zote mbili, na juu yake waya wa 14 wa mlango wake umeunganishwa chini, jambo ambalo Epson nyingi hulichukua kuwa agizo la kushusha karatasi, hata kama swichi imezimwa. Matokeo ni nafasi mbili badala ya moja, na tiba inayojulikana ni kuukata waya huo mmoja kwenye kebo.

Uchaguzi kwa mujibu wa kazi

Kwa anayekusudia kuandika programu zake za kuchapa, zenye maandishi na michoro, na anayetaka kujua kwa uhakika kila baiti inayotoka, ningemwambia anunue BBC Model B na asitazame nyuma. Ni nzito na kwa kawaida ndiyo ghali kati ya hizi nne, lakini ndiyo pekee ambayo mlango wa biti nane, kinga dhidi ya skrini na BASIC yenye taratibu vinakuja pamoja ndani ya sanduku moja.

Kwa anayetaka maandishi tu, CPC 464 inatosha na inabaki na chenji, mradi kebo yake irekebishwe. Spectrum ningeichagua kwa mtu aliye nayo tayari, au aliye na printa yenye mlango wa serial. Epson LX-350, ambayo ni ya kizazi cha karibuni, ina mlango huo pamoja na Centronics na USB, inaelewa amri za ESC, na tepe zake za wino ni rahisi kupata kuliko za FX-80, kwa hiyo inaweza kufungwa na yoyote kati ya mashine hizi, Commodore ikipitia kiunganishi chake. Commodore 64 ningeipendekeza kwa mwenye MPS-801 anayeridhika na amri zake chache, au kwa aliyepata kiunganishi chenye kijitabu. Usambazaji wake wa umeme wa zamani una ugonjwa wa kupandisha ile volti 5 na kuunguza chipu, kwa hiyo bei ya usambazaji mpya ihesabiwe ndani ya bei ya kompyuta.

Muuzaji akikuruhusu ujaribu mashine na printa pamoja kabla ya kulipa, jaribio la kuamua ni fupi. Tuma 27 na 64, kisha tuma baiti ya 225 na mwisho wa mstari. Kwenye CPC ni PRINT #8,CHR$(27);"@";CHR$(225) bila nuktamkato mwishoni, na kwenye BBC ni VDU 2,1,27,1,64,1,225,1,13,1,10,3. Ikitoka a ndogo iliyosimama wima, biti ya nane imepotea njiani, kwa sababu 225 ikipunguziwa 128 ni 97, na 97 ndiyo a. Ikitoka a iliyolala, kama FX-80 inavyofanya, au alama nyingine ya kigeni, kama zinavyofanya printa za baadaye, basi biti zote nane zimefika. Isipotoka kitu, anza kwa kuangalia kebo.